Nusu Kichwa

Mluzi ulisikika tena nje ya ua. Riziki, aliyemaliza tiba ya uraibu wiki tatu zilizopita, akainuka kwenye mkeka. Anayepiga mluzi ndiye aliyekuwa akimuuzia unga.

"Dada Hidaya, natoka mara moja."

"Nenda," alisema jirani yake, kitana mkononi. "Nusu ya kichwa imesukwa, nusu kichaka. Watu wakuone."

"Una roho mbaya, wewe!" Riziki alicheka, akakaa tena. Hidaya alihisi kichwa cha msichana kikigeukia mluzi. Akasuka polepole awezavyo, lakini ilibaki mistari miwili tu, na mluzi haukukoma.

"Huu umepinda," akasema, akaanza kufumua mstari ulionyooka kuliko yote.