Kitambaa cha Mwajabu

Katika mji alikoishi Mwajabu, wanawake wote waliingia mwezini wiki moja, ile ya mwisho wa mwezi. Vidonge vya serikali, vilivyomezwa na chai kila asubuhi, ndivyo vilivyopanga hivyo. Aliyepishana na wiki hiyo alifuatwa nyumbani, akapangwe upya.

Mwajabu aliviacha tangu masika. Miezi ikapita hajaona kitu, hata akahofia mwili wake umesahau kazi. Ndipo katikati ya mwezi, akiwa anakuna nazi, chango likamkamata, na damu ikaja. Akabaki palepale juu ya mbuzi, anacheka peke yake.

"Una nini wewe?" mama yake, Bi Kilua, aliuliza.

"Nimeingia mwezini, mama. Kwa siku yangu mwenyewe!"

Bi Kilua akafunga mlango kwanza. Pedi ziliuzwa wiki ile tu, kwa hiyo akachana kanga yake kuukuu, akamwonyesha bintiye jinsi ya kukunja sodo, kama alivyofunzwa na bibi yake.

Kesho yake Mwajabu alikifua kitambaa, akatoka nacho kwenye roshani.

"Kianike chini ya kanga, mwanangu. Watu wataona."

"Waache waone."

Akakianika juu, peupe. Jengo la mbele, dirisha likafungwa. Likafuata jingine, na jingine tena. Baadaye kidogo kengele ya mlangoni ikalia.

Bi Kilua hakwenda kufungua. Alitoka roshani, peupe, hadi kambani, akampa bintiye kibanio cha pili.

"Bana na huku," alisema, "kisije kikapeperuka."