Puto la Nne

Zuwena alisimama mbele ya mtahini kwa heshima zote za mazishi, ameshika maputo manne yaliyofungwa pamoja shingoni. Akishindwa kuonyesha umbo la amonia angerudia kidato, akae dawati moja na mdogo wake.

"Fundo ni naitrojeni, meupe matatu ni hidrojeni," alieleza. "Elektroni husukumana, kwa hiyo kila puto hukaa mbali na wenzake."

"Na hili jekundu?" aliuliza mtahini, Mwalimu Kilonzi.

"Jozi pweke ya elektroni, mwalimu. Haijaolewa na atomu yoyote, lakini ndiyo inayowasukuma wenzake kuliko wote, mpaka wakainama chini."

"Kama shangazi yangu," sauti ilinong'ona dawati la nyuma.

Darasa likacheka. Puto jekundu likapasuka.

Hakuna aliyeligusa. Papo hapo yale meupe yakatanuka, yakalala bapa kama feni ya dari.

"Hiyo si amonia tena, binti," mwalimu alisema kwa upole, akifungua kalamu.

"Ilikuwa, mwalimu! Umeiona!"

"Natoa alama kwa ninachokiona."

Zuwena akaingiza ngumi mahali pa jekundu, akayakandamiza meupe yainame. Yaliinama. Kila alipolegeza mkono, yalinyanyuka tena, taratibu, bila ubaya wowote.