Ugomvi wa Ukoko

Mlimwona Profesa akikonda, mkajifanya mnatazama simu. Jina hilo la utani mlimpa nyie, majirani zake. Chuo kilipomnyima nafasi ya shahada ya uzamili, nanyi mkamnyima hata salamu.

Tangu hapo sahani zake zilirudi jikoni kama zilivyotoka.

Leo dadake aliketi kando ya kitanda chake na sufuria ya wali, akaikwangua. Kijiko kililia vilevile kama utotoni, walipopigania ukoko mpaka mama akawatoa nje.

“Wote wangu,” dada akatangaza, mdomo umejaa. “Msomi hali makombo.”

Profesa akainuka. “Mchoyo wee! Lete hapa!”

Akaupokonya, akautafuna kwa kelele, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

Nawe msomaji, hata kwenu yupo aliyekataliwa. Acha kusoma, kamgongee mlango sasa hivi.