Pipi za Mjomba

Wingu lilitawanyika tena mara tu mtafiti alipoketi.

"Ni wewe," alisema Kipara, fundi wa leza. "Ukienda msalani na mtoto, linatulia. Mkirudi tu, kwisha habari."

Nyuma ya pazia jeusi, ndani ya mtungi usio na hewa, walining'iniza wingu la atomu baridi kupita barafu yoyote. Humo walitia atomu moja ngeni. Kila iendapo huburuta majirani, mpaka yenyewe na msafara wake huwa kama chembe moja nzito. Hapo mlima mdogo wa grafu huchomoza kwenye skrini. Lakini nguvu ya sumaku humo ikiyumba hata kidogo, mlima hupotea. Na Mkuu wa maabara alishasema: usipoonekana leo, mashine wanapewa wengine.

"Chembe nzito ni wewe mwenyewe," Kipara alimtania mtafiti, akimtazama binti aliyeng'ang'ania sketi ya mama yake. "Na msafara wako huo."

Mtafiti hakucheka. Chekechea walimrudisha mtoto asubuhi, tumbo linamuuma. Jana alishinda humu humu, akicheza kwenye kona ya Kipara.

Mtafiti alivua mkanda. Akavua pete, akachomoa pini za nywele, simu akaiacha nje. Akambeba mwanawe, akarudi kwenye kiti.

Mlima ukayeyuka.

Kazi yote ile, halafu unasalitiwa na mwili wako mwenyewe.

"Na ratiba yangu imedondoka tena," Kipara alinung'unika, akiokota karatasi chini ya kabati lake la chuma. "Sijui nani anavichukua vile vidude vya rangi vya kuibandikia kabatini."

"Mama, tumbo."

"Pole, mama. Vumilia kidogo. Kwani jana ulikula nini?"

"Pipi za mjomba."

"Mjomba yupi?" Kipara aligeuka. "Mimi sijampa mtu pipi."

Viatu vya Mkuu vilisikika koridoni. Mtafiti alimpakata binti yake, akajikaza, akaanza kupanga ripoti yake isiyo na mlima. Klipu ya karatasi ikamponyoka.

Haikufika chini. Ilinasa kwenye fulana ya mtoto, juu kidogo ya kitovu.

Akaibandua. Ikarudi palepale.