Kilio Kilichovuka Mlima

Anayebisha akaulize mawe: kanga wa ng'ambo ya mlima walimkataa Fisi aliyejitawaza bila kura, wakapiga kelele. Pimbi, mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti, akapanda jiwe awaitikie, maana kwa pimbi kilio hakiachwi peke yake.

"Shuka, bwana wee!" Digidigi mwoga akamkaripia. "Mlima si wetu, fisi si wetu."

"Na fisi wetu yuko wapi?"

Digidigi akachungulia pangoni mwa fisi huyo wa upande wao. Hamna mtu.

"Kavuka alfajiri kumsaidia mwenzake," akasema Pimbi. "Yeye hakuuliza mlima ni wa nani. Wakishinda kule, huku atarudi kumtawala nani?"

Digidigi akapanda jiwe. Wakalia mpaka majabali yakatetemeka.

Kule ng'ambo, fisi wawili walikuwa wakiwaambia kanga kwamba hakuna anayewasikia. Hawakumaliza kusema.