Muundi wa Gidamis

Siku hizi mkimbiaji haumwi. Maumivu yake hubebwa na mtu wa nyumbani, na kwetu nayabeba mimi, dada yake. Kaka Gidamis anavaa kikuku mguuni, nami navaa cha pili. Akikanyaga yeye, naumia mimi.

Wiki hii muundi wa mguu wa kulia, mfupa wa mbele chini ya goti, unaniwaka. Nimeukanda kwa maji baridi, nimeulaza juu ya mto, nimeupumzisha vizuri. Lakini mguu nilioupumzisha ni wangu.

"Kaka, leo usikimbie. Mfupa unalia."

"Unalia huko kwako, mdogo wangu," akacheka. "Mimi nasikia upepo tu. Zidisha maji baridi."

"Maji yangu hayakufikii."

"Basi nitakuletea medali uikande."

Akatoka. Ukungu ukamfunika hadi kiunoni, utadhani anaogelea.

Nilikuwa namenya viazi niliposikia mfupa unavunjika, mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Nikaanguka. Nikautazama mguu wangu: mzima, bila hata uvimbe.

Nikajiburuta hadi dirishani. Ukungu ulikuwa umeinuka, na kule barabarani Gidamis alikuwa bado anakimbia, muundi ukipinda kama unyasi kila alipokanyaga. Akaniona, akanipungia mkono, anatabasamu.