Kuku wa Uvunguni

Niliingiza mkono chini ya kuku aliyekuwa akiatamia uvunguni mwa kitanda cha mkwe wangu, ili nimhamishe kabla chumba hakijafungwa. Nilipoutoa, ngozi ilionekana kama inatembea.

Ulikuwa utitiri, mdogo kuliko punje ya ulezi, mwekundu kwa damu, ukipanda kutoka vidoleni kuelekea kiwikoni. Nikainua macho. Ulikuwa umejaa pia kwenye kamba za kitanda, chini tu ya godoro alilolalia mjukuu wangu wa majuma matatu.

Jana yake, mbele ya majirani, nilimwambia mkwe wangu Agripina kwamba vipele vya mtoto vilitokana na uchafu wake, na kwamba arudi kwao Sepuka akafundishwe kuoga. Kuku yule nilimweka humo mimi mwenyewe, kama tufanyavyo sote hapa Unyambwa, asije akaliwa na kicheche.

"Shikamoo, mama," Agripina aliita kutoka mlangoni, mtoto akilia mgongoni. "Pikipiki imefika."

"Marahaba. Ngoja kwanza."

"Ningoje nini tena, mama? Kuna kosa lingine umelikumbuka?"

Nyuma yake majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika uani. Kanga yangu ilikuwa begani. Kufuta mkono kungechukua muda mfupi tu.

Nilimpita mlangoni, nikasimama katikati ya uwanja, nikaunyosha mkono ule juani.

"Lipo," nilisema kwa sauti. "Njoo ulione, mwanangu. Nanyi majirani, sogeeni."